Usiandike Barua Chini ya Mretemu

SOMO LA WIKI

Maandiko: 1 Wafalme 19:1–21, Hesabu 8:23–26

Wazo kuu: Kuchoka na kazi uliyoifanya miaka mingi si dhambi. Lakini uchovu pia si sauti ya Mungu. Kwanza pumzika, kisha sikiliza, ndipo uamue.

Watu wa Mungu, mahubiri ya Jumapili iliyopita yalitokana na ujumbe wa simu ulionifikia miezi michache iliyopita, saa nane usiku. Ulitoka kwa ndugu mmoja wa hapa kanisani. Ameniruhusu nieleze habari yake bila kutaja jina. Aliandika hivi: "Pasta, samahani kwa saa hizi. Naomba uniombee. Kesho naacha kazi."

Nikamjibu, "Ndugu yangu, kabla hujapeleka hiyo barua, tunywe chai kwanza."

Ndugu huyu ana miaka 51, na amefanya kazi ya kompyuta tangu 1998. Alianza wakati maofisi yalikuwa yanahangaika na mwaka 2000, kwa sababu kompyuta nyingi zilikuwa zinahifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu, na watu waliogopa zitaisoma 00 kama 1900. Usiku ule wa kuingia mwaka 2000 wengi wetu tulikuwa kwenye kesha tukiimba. Yeye alikuwa kwenye chumba cha seva na chupa ya chai. Akajifunza mambo ya wakati huo, akayamaliza. Mwaka 2007 pesa zikaanza kutumwa kwa simu hapa Kenya, akajifunza tena. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikafika Mombasa, kila kitu kikaharakishwa, akajifunza tena. Mifumo ikatoka kwa seva za ofisini ikahamia kwenye wingu, akaanza upya. Sasa ni akili unde, na vijana wa juzi wanamweleza yeye.

Seremala aliyejifunza kushika randa mwaka 1998 bado anashika randa. Huyu ndugu, kila akimaliza kujifunza, alichojifunza kimeshazeeka.

Tena ni kazi ambayo ikienda vizuri hakuna anayeiona. Aliniambia, "Pasta, miaka yote hii hakuna mtu amewahi kunipigia simu kusema, asante, leo mtandao umefanya kazi. Simu inalia tu mfumo ukilala." Akaendelea: "Sichukii kazi yangu. Nimekauka tu. Zamani shida ikitokea nilikuwa na hamu ya kuitafuta mpaka niipate. Siku hizi simu ikilia, tumbo linakaza."

Nikamwuliza atafanya nini akiacha. Akasema ataenda nyumbani afuge kuku wa mayai. Nikamwuliza, "Na kuku nao hula saa ngapi? Wana Jumapili?" Akacheka, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka asubuhi ile.

Lakini mambo hayakuwa ya kucheka. Ana mtoto kidato cha tatu na mwingine chuoni. Ana mkopo wa sacco, na wadhamini wake wawili wanaketi humu humu kanisani. Barua ilikuwa tayari kwenye simu, imebaki kutumwa tu. Tukafungua 1 Wafalme 19.

1. Eliya hakuwa mvivu

Wapendwa, angalieni Eliya alitoka wapi. Alikuwa ametoka Karmeli. Moto ulikuwa umeshuka, mvua ilikuwa imerudi baada ya ukame mrefu, naye alikimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Huyu hakuwa mtu aliyerudi nyuma, alikuwa mtumishi katikati ya kazi yake. Kisha ujumbe mmoja wa Yezebeli ukamfikia, naye akakimbia. Alipofika Beer-sheba akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani chenye kivuli kidogo. Hapo akamwomba Mungu amchukue afe.

Sisi tumezoea kudhani mtu aliyeokoka hachoki. Mtu akisema amechoka tunamwambia, "Usikiri hivyo!" Tunamwekea mikono tunakemea roho ya uchovu. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, na Mungu anisamehe. Mapepo yapo na tunayakemea. Lakini kuna uchovu ambao hauna pepo ndani yake. Una miaka ishirini na sita ya kuamshwa usiku.

Hata wataalamu wameuona. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa toleo la 11, lilieleza hali hii ya kuchakazwa na kazi. Halikuiita ugonjwa, lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Likataja dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kuona kazi yake haina matokeo tena. Nilipomsomea ndugu huyu dalili hizo tatu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo ni mimi."

Na hapa nataka niseme jambo wazi. Kama uchovu wako umefika pale Eliya alipofika, ukawa unatamani usiamke tena, usikae nao peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mtu leo. Njoo kwa mchungaji, na pia umwone daktari au mshauri. Kumwona daktari si kukosa imani.

2. Mungu alianza na usingizi na mkate

Malaika alipokuja, hakumkemea Eliya. Hakumwuliza imani yake imeenda wapi. Alimgusa akamwambia ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, akamwambia safari iliyo mbele ni ndefu kuliko nguvu zake.

Hapo hakuna mahubiri wala ufunuo. Kuna usingizi, chakula, usingizi, chakula. Mungu aliyemwumba Eliya alijua kwamba mwili ukiwa umeisha, masikio ya rohoni nayo hayasikii vizuri.

Nikamwuliza ndugu yetu, "Likizo yako ya mwisho ilikuwa lini?" Akafikiri. Miaka mitatu. Alikuwa amechukua siku moja moja za mazishi, na Krismasi moja alikaa kwa mama mkwe na laptopu mapajani. Hiyo si likizo, mpendwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya kila miezi kumi na miwili, na angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Ni ajabu kwamba sheria ya nchi inatukumbusha Sabato ambayo sisi watu wa Biblia tumeisahau.

Tukakubaliana barua ibaki kwenye simu. Kesho yake akaomba likizo.

3. Eliya alidhani amebaki peke yake

Eliya alimlalamikia Mungu mara mbili kwamba manabii wameuawa na ni yeye tu amebaki. Je, ilikuwa kweli? Mungu alimwambia ana watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti. Na kuna jambo ambalo wengi tunalipita. Katika sura ya 18, kabla ya Karmeli, Obadia alikuwa amemwambia Eliya kwamba ameficha manabii 100 mapangoni, hamsini hapa na hamsini pale, akiwalisha. Kwa hiyo Eliya alikuwa na habari. Lakini mtu aliyechoka husahau hata alichoambiwa.

Ndugu yetu aliniambia, "Pasta, nikiondoka, ule mfumo utaanguka. Ni mimi tu ninayeujua." Nikamwuliza kwa nini ni yeye tu. Akakubali kwamba nenosiri nyingi ziko kichwani mwake, na hatua za kuamsha mfumo ukianguka hazijaandikwa mahali. Ana vijana wawili katika idara yake, lakini huona ni rahisi kufanya mwenyewe kuliko kuwaeleza.

Tuambiane ukweli. Kuwa mtu wa pekee kunachosha, lakini kuna utamu wake. Mtu hujisikia wa maana. Kumbe mzigo mwingine tunaoulalamikia ni sisi tuliokataa kuushusha.

Dawa ya Mungu kwa Eliya haikuwa maneno ya kumbembeleza. Alimpa mtu. Alimwambia ampake Elisha mafuta awe nabii mahali pake, naye Eliya akamkuta kijana huyo akilima kwa jozi kumi na mbili za ng'ombe, akamtupia vazi lake. Elisha wako ni nani? Mama mwenye duka, dereva, mwalimu, wewe pia jiulize. Kwa ndugu yetu, kutupa vazi kulikuwa ni kukaa chini wiki mbili kabla ya likizo, akaandika kila hatua, akawaonyesha wale vijana wawili.

4. Swali huja Horebu

Baada ya kula, Eliya alitembea siku arobaini mchana na usiku mpaka Horebu. Huko ndiko Mungu alimwuliza anafanya nini mahali pale. Mpendwa, hilo ndilo swali kubwa la kazi: niko hapa kwa nini, na niende wapi? Lakini tazama mpangilio. Mungu hakuliuliza chini ya mretemu. Alingoja Eliya alale, ale, atembee. Na jibu halikuja katika upepo, wala tetemeko, wala moto. Lilikuja kwa sauti ndogo, ambayo mtu anayekimbia hawezi kuisikia.

Wengi wetu tunajibu swali la Horebu tukiwa bado chini ya mretemu. Saa nane za usiku, macho mekundu, tunaandika barua ya kuacha kazi, au ndoa, au huduma. Pengine barua ni sahihi. Lakini saa si sahihi.

5. Kuna wakati wa kubadilisha mzigo

Sasa mtu atauliza, "Pasta, kwa hivyo nivumilie tu mpaka nife?" Hapana. Soma Hesabu 8:23–26. Mungu aliwawekea Walawi mpaka: wangeingia kazi ya hema wakiwa na miaka 25, na wakifika 50 waache ile kazi nzito. Lakini hawakufukuzwa. Waliendelea kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi wa hema. Mungu ndiye aliyeona kwamba mtu wa miaka hamsini anafaa, ila hafai kubeba mbao.

Ndugu yetu aliposoma hapo alisema, "Mimi nina 51." Nikamwambia, "Basi umepitisha mwaka mmoja ukibeba mbao."

Mlifanyaje, mtauliza. Wiki ya kwanza ya likizo alilala mpaka mke wake akadhani ni mgonjwa. Wiki ya tatu mfumo ulianguka kweli, na wale vijana wakauinua wenyewe bila kumpigia. Alipoambiwa, alisema alifurahi na pia aliumia kidogo. Aliporudi alimwomba mkubwa wake amtoe kwenye zamu za usiku na ampe kazi ya kufundisha. Alipata nusu: sasa anashika zamu wiki moja na kupumzika inayofuata. Barua bado iko kwenye simu yake. Yeye na mke wake wamekubaliana wataamua mwisho wa mwaka, wakiwa wameomba na wamelala. Sijui wataamua nini, na yote mawili naweza kuyabariki.

Neno kwa kanisa

Tusimalize bila kujitazama. Huyu ndugu akitoka kazini Ijumaa, Jumamosi tunamwita aje atazame projekta. Jumapili anashika kamera. Ibada ikiisha, watu watatu wanamngoja mlangoni wakiwa na simu zilizokwama. Tumemfanya hata nyumba ya Mungu iwe chumba cha seva. Kuanzia mwezi huu vijana wanne watajifunza kazi hiyo, na yeye ataketi na familia yake, asikie Neno kama wengine.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni lini mara ya mwisho ulipumzika siku nzima bila kuguswa na kazi? Ni nini kilichokuzuia?
2. Ni jambo gani kazini, nyumbani au kanisani ambalo ni wewe tu unayelijua? Utamfundisha nani wiki hii?
3. Je, kuna uamuzi unaotaka kuufanya sasa hivi ambao ungengoja mpaka umepumzika?
4. Katika kikundi hiki, ni nani tunayemtumia kuliko tunavyomtunza?

MAOMBI

Baba, tunakushukuru kwa kazi za mikono yetu na kwa mkate ambao zimetupa. Wewe unawajua waliochoka miongoni mwetu, hata wale wanaotabasamu mlangoni. Waguse kama ulivyomgusa Eliya. Wape usingizi, wape chakula, wape mtu wa kubeba nao. Na wakifika Horebu, waambie njia, wakae au waondoke. Katika jina la Yesu, amina.