Elkana Alimpenda Hana, Lakini Hakumwelewa

SOMO LA WIKI: NYUMBA NA NDOA

Maandiko ya kusoma: 1 Samweli 1:1-23, Hesabu 30, Mithali 18:13, Mithali 20:5, 1 Petro 3:7

Lengo la somo: Kujifunza kwamba kumpenda mwenzako na kumwelewa ni kazi mbili, na kwamba ya pili huanza kwa kuuliza na kungoja jibu.



Jumapili iliyopita nilifundisha juu ya Elkana na Hana, na saa ikaniishia kabla sijafika mwisho. Wengi wenu mlinisimamisha pale mlangoni mkitaka sehemu iliyobaki. Naiandika hapa, pamoja na jambo moja ambalo niliogopa kulisema nikiwa na maikrofoni mkononi. Mama watoto amesoma ukurasa huu kabla haujaenda kuchapwa, na ameniruhusu.

1. Mume mwema aliyejibu kabla ya kusikia

Fungua 1 Samweli 1. Elkana si mume mbaya. Ni mtu wa ibada, kila mwaka anaipandisha familia yake Shilo kutoa dhabihu. Ni mtu wa kulisha nyumba. Wakati wa kugawa nyama, Penina na watoto wake wanapewa mafungu yao, na Hana, ambaye hana mtoto, anapewa mafungu mawili kwa sababu anapendwa. Ukiangalia sahani tu, utasema Hana ndiye mwenye bahati katika nyumba ile. Lakini Hana analia, na chakula hakimpiti kooni.

Sasa soma mstari wa 8 polepole. Elkana anamwuliza mke wake maswali manne kwa mfululizo. Mbona analia, mbona hali, mbona moyo wake una huzuni. Halafu, kabla hajapata jibu hata la moja, anamalizia na la nne: kwani yeye mwenyewe si bora kwa Hana kuliko wana kumi? Swali la namna hiyo limebeba jibu lake ndani. Mtu akiulizwa hivyo atasema nini? Akisema "hapana," amemtukana mume wake. Akisema "ndiyo," amedanganya. Basi Hana hasemi kitu. Biblia haijaandika jibu lolote kutoka kwake kwa Elkana siku ile. Anainuka anaenda kuongea na Mungu.

Wanaume, tusimcheke Elkana. Umelipa kodi ya nyumba, karo iko sawa, stima ina tokeni, gesi imejaa. Unarudi unapata mama amenuna, unasema, "Sasa shida yako ni gani? Kuna kitu gani kinakosekana hapa?" Hilo ni swali la Elkana. Na dada zetu pia mnalo la kwenu: "Wewe tangu lini ukawa na mawazo? Wanaume wenzako wanajikaza." Mithali 18:13 inasema kujibu jambo kabla ya kulisikia ni upumbavu na aibu. Tena unaweza kujibu kabla ya kusikia ukiwa na upendo kamili moyoni. Hapo ndipo penye hatari.

2. Ushuhuda wangu

Miaka mitatu iliyopita, mimi na mke wangu tulipoteza mimba ya miezi mitano. Tayari tulikuwa na msichana mmoja. Ninyi wenyewe mlikuja kwetu Uthiru, mkaomba nasi, mkaleta unga na sukari. Baada ya wiki mbili nilimwambia mke wangu maneno niliyodhani ni ya imani: "Mungu ni mwema, tuko na msichana wetu, tutapata mwingine." Alisema, "Amina." Mimi nikahesabu jambo hilo limefungwa.

Baadaye akaanza kuchelewa ibada. Sisi huondoka nyumbani pamoja, lakini yeye alipata sababu: mara amesahau kitu, mara mtoto hajamaliza chai. Mimi natangulia kwa sababu ya zamu ya madhabahu, yeye anaingia wakati neno limeshaanza. Nilimkemea, tena si mara moja. "Mke wa mchungaji hawezi kuwa anaingia saa hiyo. Watu wanaona." Alikuwa ananiambia, "Nimesikia, Baba." Basi.

Siku moja mama mmoja mzee wa kanisa hili akaniita kando. Akaniuliza, "Pasta, mkeo huchelewa kila Jumapili?"

Nikamwambia, "Karibu kila Jumapili."

Akasema, "Hebu hesabu vizuri. Wewe si ulisoma biashara?"

Jioni hiyo nilikuwa kwenye matatu nikitoka mjini, tumekwama pale Kangemi kwenye foleni ya Waiyaki Way. Nikatoa simu nikafungua kalenda, nikaanza kuzikumbuka zile Jumapili moja moja. Kwenye digrii yangu tulifundishwa kwamba kabla ya kumlaumu mtu juu ya pesa iliyopungua, kwanza uangalie tarehe. Tarehe huongea. Nami nilipoangalia nikaona kwamba haikuwa kila Jumapili. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi peke yake.

Mnajua Jumapili ya kwanza tunafanya nini. Baada ya sifa tunaweka wakfu watoto wachanga. Na anayewabeba mmoja mmoja, akiwainua juu mbele ya kanisa huku anatabasamu, ni mimi.

Wapendwa, nilishuka kwenye hiyo matatu nikitetemeka.

Usiku huo, msichana akishalala, nilizima simu, nikakaa. Sikuanza na "mbona." Nilimwambia, "Nimeona ni Jumapili gani unazochelewa. Sikuwa nimeona. Nisamehe. Niambie." Halafu nikanyamaza, na kunyamaza kwa mhubiri si kazi rahisi. Chai ilipoa kabla hajasema neno. Mwishowe akasema, "Nilikuwa nangoja uniulize. Kila ukibeba mtoto wa mtu, mimi nahesabu wetu angekuwa na miezi mingapi."

Alipomaliza kulia akaongeza, "Na wewe ulinikimbia. Ulianza kurudi saa tatu, saa nne usiku. Nilijua unaniona mimi ndiye mwenye makosa."

Hapo ikawa zamu yangu kufungua. Hakujua kwamba ile bili ya hospitali niliilipa kwa mkopo wa sacco. Sikumwambia kwa sababu sikutaka kumwongezea mzigo. Ili kulipa, nilikuwa nimechukua kazi ya jioni ya kuandika hesabu za maduka mawili kule Luthuli Avenue. Nami pia, nikiwa peke yangu kwenye yale maduka usiku, nilikuwa nalia. Hilo hakulijua kwa sababu sikumwonyesha.

Kwa hiyo mimi nilidhani anakimbia kanisa, yeye akadhani nakimbia nyumba. Na wote wawili tulikuwa tunamlilia mtoto mmoja, kila mtu kwa mlango wake.

3. Kwa nini jambo hili ni la kiroho

Kuna mtu atasema, "Pasta, haya ni mambo ya ushauri nasaha, tupe Neno." Neno ndilo hili. Katika 1 Petro 3:7 mtume anawaagiza waume waishi na wake zao kwa ufahamu na kuwaheshimu kama warithi pamoja nao wa neema ya uzima, na anatoa sababu: maombi yao yasizuiliwe. Wakati ule wote nilikuwa nafunga kila Ijumaa. Nilikuwa naombea kanisa, naombea mji, naombea hata huyo mke "aliyepoa." Kumbe kizuizi kilikuwa sebuleni kwangu.

Tena angalia kilichompata Hana hekaluni. Kuhani Eli aliona midomo inatikisika bila sauti, akaamua ni mlevi, akamkemea. Nyumbani mume hamwelewi, na madhabahuni mtumishi hamwelewi. Mke wangu alikuwa na wote wawili, Elkana na Eli, ndani ya mtu mmoja. Lakini Eli tumpe heshima yake: Hana alipomweleza, hakubishana. Aligeuza maneno palepale, akamwambia aende kwa amani. Mtu akikueleza kwamba ulimsoma vibaya, usijitetee. Geuza maneno.

4. Hatua tatu za kujenga maelewano

Kwanza, uliza swali ambalo huna jibu lake. Mithali 20:5 inafananisha yaliyomo moyoni mwa mtu na maji ya kina kirefu, na mwenye ufahamu ndiye anayeyachota. Kisima kirefu hakitaki haraka, kinataka kamba ndefu. Usiulize mlangoni mtu akitoka kazini, wala kwa meseji, wala mbele ya watoto. Tafuta saa. Wengine nyumba ni chumba kimoja pale Kawangware au Kangemi na watoto wako hapohapo, basi tembeeni. Mimi na mama watoto huongea vizuri zaidi tukitembea kutoka steji kwenda nyumbani.

Pili, fungua vitabu. Katika biashara, washirika wawili wakifichana hesabu, hiyo kampuni inaelekea kufa hata kama inaonekana kupata faida. Mwenzako ajue mikopo yote: ya sacco, ya chama, hata Fuliza. Ajue pesa unayotuma nyumbani kwa wazazi. Mimi nilificha mkopo kwa nia njema kabisa, na nia hiyo njema ikamfanya mke wangu aamini simpendi. Pia jueni kwamba mchango wa mtu si pesa peke yake. Hata Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013, inapoeleza maana ya mchango, inataja kazi za nyumbani, kulea watoto, kazi ya shamba, kusimamia biashara ya familia, na hata kule kuwa mwenzi tu wa mtu. Kama Bunge limeliona hilo, mtu aliyeokoka asiseme, "Mimi ndiye naleta kila kitu hapa."

Tatu, kile ulichosikia kibadilishe kitu. Hapa ndipo Elkana anapopona, na wahubiri wengi tunaparuka. Katika Hesabu 30, torati ilimpa mume uwezo wa kuitangua nadhiri ya mke wake siku anapoisikia. Hana aliweka nadhiri kubwa sana, ya kumtoa mtoto wao kwa Bwana. Elkana angeweza kuifuta. Lakini katika mstari wa 23, Hana anapomweleza mpango wake wa kubaki nyumbani mpaka mtoto aachishwe kunyonya, Elkana anamwambia afanye analoona ni jema, na anamwomba Bwana alithibitishe neno lake. Yule mtu wa maswali manne sasa hana hata swali moja. Amesikia, na amekubali kile alichosikia kimgharimu.

Kwangu mimi, nilimwendea mchungaji wetu kiongozi nikamweleza. Kwa miezi sita mtu mwingine alibeba watoto, na Jumapili ya kwanza mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa na mke wangu. Wengine mliuliza kama nimesimamishwa huduma. Sasa mmejua. Mwezi wa saba yeye mwenyewe akaniambia, "Leo nenda ukawabebe. Nitakuwa hapa."

5. Neno la tahadhari

Somo hili lisitumike kumfunga mtu. Kama mwenzako anakupiga au anatishia maisha yako, hapo hakuna "kutoelewana" kwa kutatuliwa na chai na mazungumzo. Hiyo ni dhuluma, na ni kosa. Kenya ina sheria ya kukukinga na dhuluma ya nyumbani tangu 2015. Piga 1195, ni bure, au njoo ofisini kwetu mchana au usiku. Hatutakurudisha kwenye kipigo kwa jina la uvumilivu.

Maswali ya kujadili kwenye ushirika wa nyumbani

1. Soma tena 1 Samweli 1:8. Elkana angesema nini badala ya yale aliyosema?
2. Ni jambo gani mwenzako hufanya ambalo umelilaumu mara nyingi bila kuuliza sababu yake? Angalia "tarehe" zake.
3. Kwa ambao hamjaoa wala kuolewa: ni nani mnamwuliza maswali ambayo tayari mmeyajibu wenyewe?

Kazi ya nyumbani

Wiki hii, jioni moja, zimeni simu na televisheni kwa nusu saa. Kila mmoja amwulize mwenzake swali moja tu: "Ni kitu gani kuhusu wewe ambacho nimekisoma vibaya?" Anayeuliza haruhusiwi kujibu mpaka kesho yake.

Tuombe

Baba, tusamehe kwa majibu tuliyotoa kabla ya kusikia. Wale wanaolia ndani ya nyumba zetu na sisi hatujui, tufungue macho tuwaone. Tupe masikio ya kungoja na ujasiri wa kusema ukweli. Nyumba zetu ziwe mahali ambapo maombi hayazuiliwi. Katika jina la Yesu. Amina.