Bumu Lifike Hadi UE: Tule Vyakula Halisi vya Mwanza

Bumu likisoma, wiki ya kwanza ni chipsi mayai na soda. Zikikaribia UE, wengi wanapiga pasi ndefu, na ukiwa na njaa hata notsi haziingii kichwani. Wanachuo wenzangu, hapa Mwanza vyakula vingi vya bei nafuu ndivyo vyenye lishe. Tatizo ni kwamba tunavikwepa kwa kuwa vinatukumbusha bwenini. Tuviangalie kimoja kimoja.

1. Dona. Punje ya mahindi ina ganda, kiini na wanga. Kukoboa kunaondoa ganda na kiini, yaani nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini B. Kwa hiyo kwenye sembe unalipia kukobolewa, halafu pumba wanakula kuku! Ukisagisha mwenyewe, chagua mahindi makavu yasiyo na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi.

2. Dagaa. Huliwa mzima na mifupa yake, ndiyo maana anatupa protini na kalsiamu kwa pamoja. Wavuvi wa ziwa letu humvua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka anapatikana kwa shida na bei inapanda, kwa hiyo nenda Mwaloni, Kirumba, wakati wa giza. Uliza waliokaushwa kwenye vichanja, maana walioanikwa chini huja na mchanga. Waoshe kwa maji ya moto kabla ya kukaanga.

3. Michembe na matobolwa. Wasukuma walitatua suala la akiba zamani. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza. Havihitaji friji, vinakaa geto miezi kadhaa. Kula na karanga au maziwa mgando, utashiba kuliko ukila biskuti.

4. Maharage na mboga za majani. Loweka maharage usiku kucha, yataiva haraka na kuokoa mkaa au gesi. Madini ya chuma yaliyomo mwilini hayaingii kirahisi, ila vitamini C husaidia: kamulia limau kwenye mchicha, au kula chungwa. Chai ya rangi hufanya kinyume, hivyo isubiri kama saa moja baada ya mlo. Kwa dada zetu wanaopoteza damu kila mwezi, hili ni la kuzingatia zaidi.

Peke yako gharama zitakulemea. Tafuta wenzako watatu, changeni siku ileile bumu linapoingia, nunueni mahindi, maharage na dagaa wa mwezi mzima, kisha pangeni zamu za kupika. Kitakachobaki mfukoni ndicho cha chipsi za wikiendi, na hapo hakuna atakayekulaumu.

Sisi wa ualimu kesho tutafundisha watoto mlo kamili. Tuanze kuula sasa.