Baa Ukutani kwa Jirani: Maswali Kutoka Kisorya

Kisorya ni ncha ya nchi kavu ya Bunda. Mbele yake ni maji na kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe. Lami ya kilomita 51 kutoka Bulamba imeleta magari, na gari likichelewa kivuko, abiria wanalala. Anayelala ugenini hutafuta chakula, kisha kinywaji. Ndiyo maana maswali ya safari hii karibu yote yanahusu baa, na yanajibiwa na mtu aliyekaa miaka mingi kwenye vikao vya leseni.

Mzee, shikamoo. Jirani ameweka friji mbili, viti na spika, mita chache kutoka dirisha letu. Anasema ana leseni. Mbona hatukuulizwa?

Marahaba. Muulize kwanza ni leseni gani. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inatenganisha anayeuza pombe ya kunywea palepale na anayeuza ya kubeba kwenda nayo nyumbani. Pombe za kienyeji nazo zina leseni yake. Mtu huomba ya duka, wiki ya pili benchi moja linatokea nje, wiki ya tatu kuna meza ya pool, na mtaa mzima unaita mahali pale "grosari". Huyo hana ruhusa ya anachokifanya, hata kama karatasi imebandikwa ukutani.

Kama leseni ni ya baa kweli, ombi lake lilipita kijijini, likajadiliwa na kamati ya maendeleo ya kata, afisa afya akakagua jengo, ndipo likafika kwa mamlaka ya leseni za vileo ya wilaya. Nitasema bila kuficha: uamuzi wenyewe mara nyingi hufanyika kwenye kata. Wa wilaya hawajawahi kusimama kwenye uchochoro wenu. Wanachokiona ni muhtasari, na kama umeandikwa "wananchi hawana pingamizi", basi ninyi ndio hamna pingamizi. Nendeni kwa mtendaji wa kata mkaombe kuonyeshwa muhtasari huo.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya kata. Mwombaji ni kijana wetu, ushuru analipa, na ataajiri wasichana watatu. Nimkatalie kwa lipi?

Pengine usimkatalie. Ila usiamue ukiwa kwenye kiti cha ofisi saa 4 asubuhi, wakati baa ni kitu cha usiku. Nenda pale saa 3 usiku, usimame chumbani kwa jirani wa karibu, usikilize. Watu hupenda kuniuliza mita ngapi zinatosha, lakini mita peke yake hazijibu. Kwenu ni kando ya ziwa, na sauti ikipita juu ya maji usiku husafiri mbali kuliko mchana.

Kanuni za kelele za mwaka 2015 zimeweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa maeneo ya makazi. Desibeli 35 si mbali sana na mnong'ono. Hakuna spika ya baa inayonong'ona. Kwa hiyo swali lako kwa kijana lisiwe "unauza nini?", bali: spika itakaa ndani au nje? Mlango unatazama barabara au nyumba za watu? Choo kipo, au ukuta wa jirani ndio utakuwa choo? Watoto wa shule wanapita wapi? Hili la watoto lina uzito wake: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwajibisha mwenye baa kuhakikisha mtoto haingii humo.

Na chagua siku. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, giza ndilo soko lao. Mbalamwezi ikitoka wanabaki nchi kavu na pesa mfukoni. Ukikagua wiki ya giza utaandika kwamba mahali ni patulivu, na utakuwa umeandika ukweli wa nusu mwezi.

Mimi ndiye mwenye baa. Wateja wangu wanatoka ziwani alfajiri wamechoka. Kwa nini nisiwauzie bia saa 2 asubuhi?

Mama, siku za kazi baa hufunguliwa saa 10 jioni na kufungwa saa 5 usiku. Asubuhi wauzie supu na chapati.

Kijijini kwetu Wasabato ni wengi, nasi hatutaki pombe kabisa. Tuandike hivyo?

Imani yenu naiheshimu, lakini kwenye barua ya pingamizi haitawafikisha mbali. Pombe ni biashara halali, na kikao hakiamui nani akanywe. Andikeni juu ya usingizi, njia ya watoto, choo, ugomvi. Msabato na mnywaji wote wanalala; nimewahi kuona barua nzito ikiwa na sahihi za wateja wa baa ileile.

Kama leseni imeshatoka, tumeshindwa?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Leseni ya kileo ina umri wa miezi sita tu: kuanzia 1 Aprili hadi 30 Septemba, na kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Machi. Ikifika mwisho, mwenyewe lazima aombe tena. Msisubiri Oktoba kulalamika. Agosti pelekeni barua kwenye kata, na nakala kwa afisa biashara wa wilaya.

Barua isiseme "kelele zimezidi". Kila barua husema hivyo. Nunueni daftari la shule, mmoja wenu aandike: tarehe, saa muziki ulipozimwa, nani aliitwa, alikuja au hakuja. Kelele za usiku huohuo mpelekeeni mtendaji au polisi. Zikijirudia, lipo Baraza la Mazingira, NEMC, ambalo Dar es Salaam limeshafungia baa kwa sababu hiyohiyo.

Na kama jirani ataingiza spika ndani na kufunga saa 5?

Liandikeni nalo, na tarehe yake.