Somo la 31: Mashua ya Zamani Yapelekwa Baharini

Mvua ikinyesha juu ya milima ya Masisi, maji yake hushika njia mbili. Mengine hushuka upande wa Sake, yakaingia ziwa Kivu. Kutoka huko hupita mto Ruzizi mpaka ziwa Tanganyika, kisha mto Lukuga, hata kufika Lualaba. Mengine hushuka upande wa magharibi, hufuata mto Lowa, hupita Walikale katikati ya msitu, nayo pia hufika Lualaba. Lualaba ndio mto Kongo. Basi maji yaliyoachana mlimani hukutana tena njiani, huenda pamoja mpaka Banana, na huko humwagika baharini.

Maji ya Lowa ni matamu. Maji ya bahari ni ya chumvi: katika lita moja mna gramu 35 hivi za chumvi. Chumvi huzuia samaki asioze, lakini chuma hukiharibu upesi. Kwa sababu hiyo mashua iliyofanya kazi miaka mingi ziwani haifai kupelekwa baharini hivi hivi tu. Lazima itengenezwe upya. Tumtazame fundi mmoja mzee pamoja na kijana anayejifunza kwake, tuone kazi hiyo inavyofanywa.

1. Kutafuta ubovu

Mashua ilikuwa ya mbao za mvule, yenye mota. Ilikuwa imevutwa nchi kavu na kuegemezwa juu ya magogo. Mwenye mashua alisema, «Mzee, ipake rangi nzuri, basi. Nataka ifike pwani mwezi huu.»

Fundi alichukua nyundo ndogo, akagonga ubao mmoja mmoja, toka mbele mpaka nyuma. Ubao mzima ulilia ko! ko! Ubao mbovu ulilia bu! kama boga lililooza. Kila penye bu! alichoma kwa ncha ya kisu. Karibu na mkuku kisu kilizama chote, kama katika muhogo uliopikwa.

Kijana akasema, «Baba, tukipaka rangi juu yake, hakuna mtu atakayejua.»

Fundi akajibu, «Maji yatajua, mwanangu.»

Mwenye mashua alinuna, maana ubao mpya una bei. Akaenda zake bila kuaga. Siku ya pili akarudi, akaingiza kidole chake mwenyewe katika tundu la kisu, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, «Mzee, mwanangu ndiye atakayeiendesha mashua hii. Ondoa ubao huo.»

2. Kuchuna na kuziba

Walikata mbao zote mbovu, wakatia mpya zilizokauka vizuri. Kisha walichuna rangi ya zamani na kusugua kwa msasa, wakifuata njia ya nyuzi za mbao. Kijana alifunga kitambaa puani na mdomoni, na fundi aliulowesha msasa kwa maji, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zina risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Baadaye walikalafati, yaani walishindilia pamba katika nyufa zilizo kati ya mbao, wakaziba kwa mastiki. Hawakushindilia kwa nguvu kupita kiasi. Ubao ukiingia majini huvimba. Nao ukikosa nafasi huusukuma ubao wa jirani.

3. Vyuma

Fundi aling'oa parafujo za chuma zilizo chini ya maji, akatia za shaba nyeusi. Lakini akamfundisha kijana neno kubwa: madini mawili ya namna mbili yakigusana katika maji ya chumvi, moja huliwa polepole na kutoweka. Kwa hiyo karibu na rafadha alifunga kipande cha zinki. Zinki huliwa kwanza, na kwa kuliwa kwake huokoa rafadha na mhimili wake. Kipande hicho hakipakwi rangi, maana kikifunikwa hakifanyi kazi. Kikiisha nusu, hubadilishwa.

4. Mota

Mota ya mashua hupozwa kwa maji. Ziwani maji ya nje yaliweza kupita ndani yake bila madhara makubwa. Baharini chumvi ingekula mifereji yake na kuiziba. Fundi alitengeneza njia mbili: maji matamu yazunguke ndani ya mota, na maji ya bahari yapite katika mabomba ya pembeni ili kuyapoza yale matamu, bila kuchanganyika nayo. Nyaya za umeme alizifunga vizuri na kupaka grisi katika ncha zake. Tena akamwagiza mwenye mashua, «Kila jioni osha mabomba hayo kwa maji matamu.»

5. Rangi

Rangi ilikuja mwisho. Rangi ya kwanza ilikuwa nyepesi, ipate kuzama ndani ya mbao. Ilipokauka, walisugua kidogo kwa msasa, wakapaka ya pili, kisha ya tatu. Sehemu ya chini walipaka rangi yenye shaba, kwa kuwa viumbe vya baharini hupenda kujishikiza hapo, navyo huifanya mashua kuwa nzito. Tena yuko kiumbe mmoja laini kama mnyoo, ambaye kwa kweli ni wa jamaa ya chaza. Huyo hutoboa mbao mpaka zikawa kama sega la nyuki. Mafundi wa pwani ya Waswahili tangu zamani walipigana naye kwa moto wa makuti chini ya chombo, kisha wakapaka deheni, ndiyo shahamu iliyochanganywa na chokaa.

6. Meli iliyofufuka

Kazi iliyofanywa vizuri haipotei. Mwaka 1913 Wadachi waliunda meli kubwa kwao Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku 5,000 hivi. Ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma, na mwaka 1915 ikashuka katika ziwa Tanganyika. Jina lake Graf von Goetzen. Wakati wa vita, Julai 1916, Wadachi waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini mafundi wake walipaka kwanza mashine zote grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini, wakakuta mashine zafaa tena. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikabeba watu kwa zaidi ya miaka 80. Grisi iliilinda, na maji matamu yaliihurumia. Katika chumvi mashine zile zisingalipona hivyo.

7. Mzigo

Mashua yetu ilipokwisha, fundi alichora mstari mwekundu ubavuni, akasema, «Maji yasipite hapa.» Maji ya chumvi ni mazito kuliko matamu, kwa hiyo baharini mashua huelea juu kidogo zaidi. Mtu mwenye tamaa akiona hivyo hudhani nafasi imeongezeka, akazidisha mzigo. Hapo hata ubao mpya na rangi nzuri havisaidii kitu.

Watu wa Masisi wanajua jambo hili kwa machozi. Mwaka 2024 njia ya kutoka Minova kupita Sake mpaka Goma ilifungwa kwa sababu ya vita, watu wakalazimika kusafiri ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, yenye watu wengi kupita kiasi, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku huko Goma, watu wameshaiona nchi kavu. Wengi walikufa maji. Tuwaombee.

Bwana Yezu aliwafananisha wanafiki na makaburi yaliyopakwa chokaa: nje mazuri, ndani uozo. Fundi mwema hapaki rangi juu ya ubovu, kwa kuwa anajua ya kwamba watu watapanda chombo chake na kumwamini bila kumwona. Hali kadhalika mwalimu, mganga, mwenye duka na mwanafunzi anayeandika daftari lake. Mtu aweza kudanganywa na rangi. Maji hayadanganyiki, na Mungu hadanganyiki.

Maneno mapya

mkuku: mti mrefu wa chini ya mashua, kama uti wa mgongo.
rafadha: chombo kama panka kinachozunguka majini na kusukuma mashua.
mhimili: fimbo ya chuma inayozungusha rafadha.
shahamu: mafuta ya mnyama.

Maswali

1. Taja njia mbili za maji ya Masisi mpaka Lualaba.
2. Fundi alijuaje ubao mbovu bila kuuona ndani?
3. Kwa nini zinki haipakwi rangi?
4. Ni mambo gani mawili yaliyookoa mashine za Liemba?
5. «Maji yatajua.» Eleza maana ya neno hili kwa mfano wa kazi nyingine, nyumbani au shuleni.