Kumfundisha Mwanafunzi Kutambua Wepesi na Mkazo wa Mwili Wake

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo kipindi cha mazoezi ya viungo aghalabu hulipita bila kuligusa, nalo ni namna mwanafunzi anavyoweza kutambua mwenyewe, mwili wake ukiwa katika mwendo, ni wapi pana wepesi na ni wapi pamekazwa bila sababu. Shule tunazozifikiria zaidi ni zile za vitongoji vya Kinondoni na Temeke, tangu Mwananyamala na Tandale hadi Tandika na Mbagala, ambako uwanja mara nyingi ni mchanga mtupu, mpira ni mmoja au hakuna, na wanafunzi ni wengi kuliko kivuli cha mwembe. Somo hili halihitaji mpira. Lahitaji ndoo, ngata, na mwalimu asiye na haraka.

Yafaa tuanze na lugha, maana mtoto hufika shuleni akiwa amekwisha kufundwa nayo. Aliyefiwa huambiwa ajikaze. Mgonjwa anayepelekwa hospitali huambiwa ajikaze. Mvulana aliyejikwaa akatokwa na damu hutazamwa kama atajikaza au atalia. Kulegea, kwa upande mwingine, ni karibu na tusi: mlegevu ni mvivu, tena si mtu wa kutegemewa. Basi mwalimu akisimama uwanjani na kupaza sauti, "Legezeni mabega!", mwanafunzi husikia amri mbili zinazopingana, ya mwalimu wake na ile ya tangu utotoni. Afanyeje? Huyashusha mabega kwa nguvu, naye akabaki amekaza vilevile, ila sasa amekaza kuelekea chini. Ndiyo sababu tunapendekeza neno "legea" liwekwe kando na mahali pake lishike neno "wepesi". Mtu mwepesi husifiwa. Na kinyume chake kiitwe kukakamaa, neno ambalo halihitaji maelezo kwa mtoto aliyewahi kumshika ng'onda mkavu.

Wepesi haumaanishi kutokuwa na nguvu, na hapa walimu wengi hukosea njia. Mkwezi wa minazi asiyeukumbatia mti na kuubana kwa nyayo ataanguka. Nguvu zake zapasa ziwapo. Lakini mtazameni usoni: taya halikubana, naye huweza kuzungumza na walio chini. Nguvu ziko zinakotakiwa, kwingineko mwili unapumzika. Mfano bora zaidi ni wa kinu. Mtwangaji mzoefu huuinua mchi, kisha huuachia uanguke kwa uzito wake wenyewe, na katika kuanguka huko mikono yake hupata nafasi ya kupumzika. Wakiwa wawili kwenye kinu kimoja, kila mmoja hupumzika wakati wa pigo la mwenzake. Asiyezoea huusukuma mchi chini kwa mabega, asipumzike hata mara moja, na kabla nafaka haijakobolewa viganja vimeota malengelenge. Wote wawili wana nguvu. Tofauti yao ni kwamba mmoja anajua ni wakati gani wa kuziachia.

Tunaichagua ndoo kwa sababu wanafunzi wetu wengi, na hasa wasichana, huchota maji kabla ya kengele ya asubuhi. Mtazameni msichana aliyezoea kazi hiyo: ndoo imetua juu ya ngata, shingo imesimama bila kukakamaa, kiuno kinafuata miguu, mkono mmoja unaning'inia. Jambo hili limewashughulisha hata wataalamu wa sayansi. Mwaka 1986 watafiti waliowachunguza wanawake wa Kikikuyu na wa Kijaluo nchini Kenya walitangaza katika jarida la Nature la Uingereza kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo uliofikia sehemu moja kwa tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Uchunguzi mwingine wa mwaka 1995 ulieleza sababu. Mwili unaotembea hufanana na bembea: hupanda kidogo juu ya mguu, kisha hushuka, na sehemu ya nguvu za kushuka husaidia kupanda tena. Wanawake wale, wakiwa na mzigo, waliweza kuokoa nguvu hizo zaidi kuliko watu wasiozoea.

Hata hivyo tusiimbe sifa kupita kiasi. Watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini, ambao matokeo yao yalitolewa mwaka 2010, hawakuikuta nafuu hiyo kwa wote. Walitofautiana sana mmoja na mwingine, na maumivu ya shingo yalitajwa. Ndoo peke yake, kwa hiyo, haimfundishi mtu wepesi. Mtu anaweza kubeba maji miaka 20 huku amekaza taya, na asijue kwamba amelikaza.

Kwa nini asijue? Kwa sababu mkazo uliozoeleka haujitangazi. Katika karne ya 19 mtaalamu wa Kijerumani, Ernst Heinrich Weber, alionyesha kwamba kadiri uzito unaoshikwa unavyokuwa mkubwa, ndivyo nyongeza inavyopaswa kuwa kubwa ili mshikaji aitambue. Wenye kununua mkaa wanalijua jambo hili bila kumsoma Weber: kipande kimoja kikiongezwa katika gunia, mbebaji hasikii kitu, kikiwekwa katika kiganja kitupu, atakisikia hata akiwa amefumba macho. Ni hivyo hivyo kwa misuli. Mwanafunzi anayekimbia kwa nguvu zake zote hawezi kusikia mkazo mdogo wa shingo, maana umefunikwa na mkazo mkubwa wa mwili mzima. Apunguze kwanza mwendo na juhudi. Mwalimu anayedai bidii zaidi ili mwanafunzi ajitambue anaongeza gunia juu ya gunia.

Kipindi cha dakika 40 kwa darasa la sita kinaweza kwenda hivi. Kwanza wanafunzi wasimame pale pale walipo na kila mmoja aokote kokoto. Aifumbate kwa nguvu zote, halafu kwa nusu ya nguvu, halafu nusu ya nusu, mpaka afikie kiasi kidogo kabisa kinachoizuia isidondoke. Daktari wa Kimarekani Edmund Jacobson, katika kitabu chake cha mwaka 1929, aliwafundisha wagonjwa kukaza msuli na kuuachia ili watambue tofauti. Kokoto yetu inafuata njia hiyo, ila twaongeza daraja za katikati, kwa kuwa mwendo wa kawaida huishi katika daraja hizo. Wakati wa kufumbata, mwalimu aulize: pumzi imesimama? Ulimi uko wapi? Wengi watagundua kwamba ngumi ya mkono wa kulia imekaza hata vidole vya miguu. Watacheka. Wacha wacheke, kwani kicheko kimewarudishia pumzi.

Kisha watembee na daftari kichwani, taratibu, wawili wawili, mmoja akitembea na mwenziwe akifuata nyuma kama mtazamaji. Mtazamaji asisahihishe, aseme tu alichokiona. Baada ya hapo ndipo ije ngata na ndoo ndogo ya lita 10 iliyotiwa maji nusu, yaani kilo 5 hivi. Kwa mtoto wa kilo 35 huo ni mzigo ulio chini ya sehemu moja kwa tano ya uzito wake, na hatuoni sababu ya kuupita. Mwenye maumivu ya shingo au ya mgongo asibebe kabisa. Awe mtazamaji, na mwalimu afuatilie chanzo cha maumivu hayo. Wavulana watasema kuchota maji ni kazi ya wasichana. Hiyo ni nafasi ambayo mwalimu hapaswi kuikosa: wasichana wawe ndio wakufunzi wa sehemu hii, wavulana wajifunze kwao. Msichana ambaye kazi yake ya asubuhi haijawahi kuitwa elimu na mtu yeyote ataulizwa mbele ya darasa, "Unafanyaje hata maji yasimwagike?", naye atalazimika kujitazama ndani ili apate jibu.

Namna ya kuuliza ni muhimu kuliko zoezi lenyewe. Mwalimu akiuliza, "Mnasikia wepesi?", atajibiwa kwa sauti moja, "Ndiyo mwalimu!", na atakuwa hajajua lolote. Aulize "wapi?", na mwanafunzi ajibu kwa kuweka kiganja chake mahali anapopataja. Huyu ataweka kisogoni, yule tumboni, mwingine kwenye taya. Darasa la wanafunzi 80 linaweza kujibu swali la namna hii kwa mara moja bila kelele, na mwalimu akalisoma kwa macho.

Na fimbo ibaki ofisini. Hatulisemi hili kwa ajili ya adabu ya kipindi tu. Mtoto aliye karibu na fimbo huinua mabega, huzuia pumzi na kuyapeleka mawazo yake yote kwa aliyeishika; hana mawazo yaliyobaki ya kuusikiliza mwili wake. Tukimwuliza wakati huo ni wapi pamekaza, jibu la kweli ni kwamba pamekaza kila mahali, na aliyepakaza ni sisi. Hali kadhalika mbio za adhabu kuuzunguka uwanja. Mwanafunzi aliyekwisha kuadhibiwa kwa kukimbia hataamini kesho kwamba anakimbizwa ili ajifunze.

Kuhusu mbio zenyewe, hatua hii ije baadaye, baada ya majuma kadhaa. Wanafunzi waelezwe habari za Filbert Bayi, aliyeshinda mbio za mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia huku akiwa ameongoza tangu mwanzo. Picha za sinema za mbio hizo zimehifadhiwa, na mwalimu anayeweza kuzipata awape wanafunzi kazi moja tu: kundi moja litazame taya la mkimbiaji, jingine viganja, jingine mabega. Halafu watoke uwanjani wakimbie kwa nusu ya mwendo wao, wakitafuta sehemu hizo hizo kwao wenyewe.

Swali moja huwasumbua walimu wapya: tumfanyeje mwanafunzi anayesema, "Sisikii kitu"? Wengine humdhania mkaidi. Tunashauri jibu lake lipokewe kama lilivyo. Mtoto huyo amesema kweli pengine kuliko wenzake walioweka kiganja popote ili kumridhisha mwalimu. Apunguziwe maji katika ndoo, au aitue kabisa. Atembee polepole zaidi, kisha asimame, kisha atembee tena. Aulizwe si anasikia nini, bali ni hatua ipi ilikuwa tofauti na nyingine. Asipopata jibu siku hiyo, mwalimu aseme "haya", na kipindi kiendelee.