Kocha wa Wahandisi Watarajiwa: Vidokezo 9 vya Kuanza Navyo Semista Hii

Hongera! Umekabidhiwa programu ya kuwanoa wanafunzi wa uhandisi kwenye uongozi, na bado una vipindi vya kufundisha, ripoti za maabara za kusahihisha na utafiti wako unaokusubiri mezani. Vuta pumzi. Huhitaji jengo jipya wala bajeti ya kumtoa jasho mhasibu. Wanafunzi wako tayari wana kazi za vikundi, wana mradi wa mwaka wa mwisho, wana mafunzo kwa vitendo, ile PT wanayoisubiri kwa hamu tangu mwaka wa kwanza. Uongozi waujifunzie humo humo. Wape madaraka madogo lakini ya kweli, kisha kaa nao waeleze yaliyowakuta. Twende kazi!

1. Mtafute pia yule wa benchi la nyuma

Ukitangaza programu, wa kwanza kujiandikisha watakuwa CR wa darasa na wale wenye midomo mepesi. Wakaribishe kwa mikono miwili. Halafu nenda ukamtafute yule mkimya ambaye ikifika wiki ya kukabidhi kazi darasa zima linamkimbilia awasaidie na AutoCAD. Huyo anaongoza tayari, ila hakuna aliyewahi kumwambia! Kwenye fomu weka swali moja tu: "Ni kitu gani hapa chuoni ulikikuta kibovu ukakishughulikia?" Mistari mitano inatosha kukuonyesha mtu. GPA iache kwa ofisi ya mitihani. Na usijaze ukumbi: kocha mmoja, wanafunzi sita.

2. Kalenda kwanza, chai ya pili

Pata ratiba ya test na UE kabla hujapanga kikao hata kimoja. Mwanafunzi anayeogopa sapu ya Hisabati hawezi kukusikiliza, na ana haki. Saa moja kila baada ya wiki mbili, siku ile ile, chumba kile kile, basi. Na tafadhali, pasikose kitu cha kutafuna. Mtu aliyetoka maabara saa kumi na moja jioni akikuta sambusa na chai ya tangawizi, mchango wake kwenye mjadala unakua maradufu.

3. Meza ushauri wako, toa swali

Hapa ndipo ukocha ulipo, kwa hiyo tutulie kidogo. Sisi walimu tumezoea kujibu. Mwanafunzi akileta tatizo, ulimi unawasha. Uzuie! Kuna mbinu ya hatua nne ambayo John Whitmore aliieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1992. Whitmore alikuwa Mwingereza aliyeendesha magari ya mashindano kabla ya kugeukia ukocha. Hatua zenyewe: unataka nini, hali ikoje sasa, kuna njia zipi, na utafanya nini. Tazama inavyokwenda:

"Mwalimu, kikundi chetu kina watu sita lakini kazi tunafanya wawili."

"Unataka ikifika Ijumaa hali iweje?"

"Kila mtu awe ameleta sehemu yake."

"Hao wanne, umeongea na nani ana kwa ana?"

"Niliandika kwenye grupu la WhatsApp. Walisoma wakanyamaza."

"Ukiacha grupu, kuna njia gani nyingine?"

"Labda niwafuate hosteli. Mmoja nasikia anafanya kibarua jioni ili apate ada."

"Utaanza na nani, na lini?"

"Huyo wa kibarua. Leo usiku akirudi."

Umeona? Kocha hakutoa ushauri hata mmoja, na mwanafunzi ametoka na mpango, tena amegundua kwamba mwenzake aliyemdhania mvivu ana mzigo mwingine. Ungemjibu "Niletee majina yao niwakate maksi," tatizo lingekuwa lako. Kikao kijacho anza na neno moja: "Ilikuwaje?" Hilo ndilo linalomfanya mtu atekeleze alichosema.

Kwa kuanzia, yaandike maswali manne kwenye kipande cha karatasi ukiweke mbele yako. Wanafunzi wakikiona, vizuri zaidi. Baada ya vikao vichache utawakuta wanaulizana wenyewe kwa wenyewe.

4. Dada wa kikundi asiwe katibu wa kudumu

Pita kwenye maabara yoyote siku ya kazi ya vikundi utazame nani ameshika kalamu na nani ameshika multimita. Mara nyingi sana dada mmoja aliyemo kwenye kikundi anaandika ripoti, kwa kuwa "mwandiko wake mzuri." Wanaosema hivyo hawana nia mbaya, lakini dada huyo atahitimu akiwa ameandika ripoti nyingi na ameamua mambo machache. Dawa yake haigharimu shilingi: majukumu yazunguke. Kiongozi, mpimaji, mwandishi, mwasilishaji. Kila wiki watu wabadilishane kwa mpangilio wa alfabeti, bila mjadala. Usisubiri ajitolee mtu. Ukisubiri, watajitolea wale wale.

5. Mpeleke mwanafunzi kwa fundi wa nondo

Zoezi hili ni tamu kuliko yote! Chukua mchoro wa bimu ya zege. Karibu na nguzo ringi zimepangwa kila baada ya sentimita 10, katikati ya bimu zimeachana kwa sentimita 20. Mwanafunzi wako ana dakika mbili za kumweleza fundi kwa nini. Sheria ni moja: asitumie neno lolote la kwenye madaftari ya darasani ambalo fundi hajawahi kulitumia saiti. Mwombe fundi wa kweli wa karakana ya chuo awe mwamuzi, na umwonye mapema kwamba kazi yake ni kuuliza.

Kijana ataanza kwa kujiamini: "Shikamoo fundi. Kwa sababu shear force..." Fundi atatikisa kichwa. Atajaribu tena, atashika bimu ya kufikirika kwa mikono miwili, atahangaika. Mwishowe atasema kitu kama hiki: "Uzito wote wa bimu unashukia kwenye nguzo. Pale karibu na nguzo ndipo zege linapotaka kukatika kwa mshazari. Ringi ndizo zinazolifunga lisiachane, kwa hiyo pale tunazibananisha." Fundi atasema, "Haya, hapo nimekuelewa," na huenda akaongeza jambo la kukunja ringi ambalo wewe na mwanafunzi wako hamkulijua. Mwanafunzi ataondoka amejifunza mawili: kueleza, na kumheshimu anayeijua kazi kwa mikono. Wiki inayofuata mpe swali la kwa nini zege linamwagiliwa maji kwa siku saba. Watagombea zamu.

6. Fanyeni mazoezi ya kusema "tusubiri"

Huu ni uongozi unaookoa watu, na kwa mhandisi kijana ndio mgumu kuliko wote, kwa sababu anayetakiwa kuambiwa ni mkubwa wake. Wasimulie kisa cha Challenger, chombo cha anga cha Marekani. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo hicho, akiwemo Roger Boisjoly, waliwaambia NASA kwa simu kwamba kisirushwe. Baridi ilikuwa kali mno, nazo pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hukakamaa kwenye baridi. Mwanzoni wakuu wa kampuni waliwaunga mkono, kisha wakageuka. Asubuhi chombo kikarushwa. Sekunde 73 baadaye kilisambaratika, na watu wote saba waliokuwemo walikufa.

Usiishie kwenye masikitiko. Wasimamishe wawili wawili. Mmoja ni mwanafunzi wa PT, mwingine ni msimamizi wa mradi anayetaka zege limwagwe leo kabla mvua haijanyesha. Majibu ya maabara ya nondo hayajafika. Mwanafunzi aseme mambo matatu tu, kwa adabu na bila kuzungukazunguka: hatari ni ipi, anajuaje, anaomba nini. "Injinia, naomba tusimwage leo. Nondo hizi hazijapata majibu ya vipimo, na ndizo zinazobeba ghorofa ya kwanza. Naomba tusubiri majibu ya maabara kesho asubuhi." Msimamizi amkatize! Amkumbushe yeye ni mwanafunzi! Kijana arudie, sauti ile ile, maneno yale yale, halafu aandike kwenye kitabu cha saiti. Mara ya kwanza wengi watacheka kwa aibu. Rudieni mpaka kicheko kiishe.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali kujua kwa nini. Dar es Salaam inakumbuka Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilipoporomoka na kuua zaidi ya watu 30, na inakumbuka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, jengo jingine lilipoporomoka. Kila kijana anayetoka kwenye programu yako akiwa na ujasiri wa kusema "tusubiri" ni ulinzi kwa familia zisizomjua.

7. Uzikeni mradi kabla haujaanza

Dakika kumi tu! Kikundi kikishachagua mradi wa mwaka wa mwisho, waambie: "Leo ni siku ya kuwasilisha, na mradi wenu umefeli kabisa. Kila mtu aandike sababu." Mbinu hii ya mtafiti Gary Klein inamfungua mdomo hata mwoga, kwa sababu halaumiwi mtu, mradi umeshakufa. Vipuri vilichelewa kutoka China, laptop ya mmoja iliibwa na kazi yote ilikuwa humo, msimamizi alisafiri. Chagueni sababu tatu zilizo karibu zaidi na ukweli, kila moja ipate mtu wa kuishughulikia. Imekwisha.

8. Daftari la PT lipate nusu ukurasa wa watu

Kwenye PT kila mwanafunzi hujaza kitabu cha kumbukumbu: leo tulifunga transfoma, leo tulipima mwinuko wa barabara. Vizuri. Mwombe aongeze, kila Ijumaa, nusu ukurasa kuhusu watu. Nani aliamua? Walipokosana fundi na mhandisi, nani alisuluhisha, na alisema nini? Wakirudi chuoni, kila mmoja asome tukio moja mbele ya wenzake, bila kutaja majina wala kampuni. Hapo utakuwa na mifano bora ya kufundishia kuliko kitabu chochote ulicho nacho kabatini. Na mazoea hayo yatamfaa baadaye. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa SEAP, ulioanza mwaka 2003, ambao humweka mhitimu chini ya uangalizi wa mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu kuelekea usajili. Aliyezoea kutazama wakubwa wakifanya uamuzi atavuna mengi huko.

9. Waliotangulia wawashike mkono wanaokuja

Mwaka wa kwanza wa programu utakuchosha kidogo, sitakuficha. Wa pili uwe mwepesi. Pale MIT, Marekani, programu ya Gordon ya uongozi wa uhandisi iliyoanza mwaka 2007 ina mazoezi ya kila wiki, na wanafunzi walioingia mwaka wao wa pili ndani ya programu huwaongoza wale wapya. Iga! Ukishawanoa sita, kila mmoja wao mwakani achukue wawili wa mwaka wa kwanza, na wewe ubaki kuwanoa makocha. Wahitimu walioko kazini nao uwaalike, lakini usiwaombe hotuba. Mwombe kila mmoja aje na tatizo moja alilokwama nalo wiki hii, awaachie wanafunzi wamuulize yale maswali manne. Injinia mwenye miaka kumi kazini akisema mbele ya vijana "hilo sikulifikiria," wataongea habari hiyo mpaka kantini.

Sasa fungua kalenda yako. Chagua Jumatano moja isiyo na test, andika majina sita, na hakikisha la yule wa benchi la nyuma limo. Watumie ujumbe leo kabla hujalala.