UKURASA WA AFYA: Jicho Lililopandikizwa Konea Likiwa Jekundu, Usingoje Kesho

Mwezi huu tunajifunza juu ya jambo ambalo halijulikani sana vijijini kwetu, ingawa wapo ndugu zetu wanaohusika nalo. Ni juu ya watu waliopandikizwa konea katika jicho, na uambukizo mkali unaoweza kuliharibu jicho hilo baada ya wao kurudi nyumbani. Somo hili linamhusu mgonjwa, na linawahusu zaidi wale anaoishi nao.

Konea ni nini?

Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, kinachofunika sehemu nyeusi. Mwanga hupita hapo kwanza kabla ya kuingia ndani. Konea yenye afya ni angavu kama maji safi, wala haina mishipa ya damu. Ikipata kidonda na kuacha kovu jeupe, au ikichongoka na kupoteza umbo lake, mtu haoni vizuri, na pengine haoni kabisa. Wengi huchanganya kovu hili na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho uko ndani zaidi, nyuma ya mboni, na upasuaji wake ni mwingine.

Hapa Tanzania makovu mengi ya konea yalianzia utotoni, kwa surua na upungufu wa vitamini A. Mengine hutokana na majani au mabua yanayochoma jicho wakati wa palizi na mavuno, na mengine hutokana na dawa za kienyeji. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 juu ya wagonjwa wa vidonda vya konea hapa nchini ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya wanne alikuwa ametumia dawa za kienyeji machoni.

Konea mpya hutoka wapi?

Daktari bingwa huondoa sehemu ya konea iliyoharibika, akashona mahali pake konea safi iliyotolewa kwa mtu aliyefariki. Upasuaji wa kwanza wa kupandikiza konea uliofanikiwa kwa binadamu ulifanywa na Dk. Eduard Zirm tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Mgonjwa alikuwa kibarua aliyeungua macho yote mawili kwa chokaa. Alipandikizwa macho yote mawili. Moja likaharibika, moja likabaki angavu. Kwa majirani zetu wa Kenya, madaktari wa macho wa hospitali ya Kikuyu walichapisha mwaka 1996 taarifa ya wagonjwa wao waliopandikizwa konea.

Wengine huuliza kama ni halali kutoa jicho la marehemu. Padre Carlo Gnocchi wa Italia, aliyefariki tarehe 28 Februari 1956, aliacha konea zake zipandikizwe kwa vijana wawili wasioona. Mwezi Mei mwaka huohuo Papa Pio XII alizungumza na wanaojitolea konea, akafafanua kwamba kuchukua konea ya marehemu ili kumsaidia kipofu si kumvunjia marehemu heshima.

Basi mtu aliyepandikizwa amebeba zawadi ya mwenzake. Konea hazipatikani kwa urahisi katika nchi zetu, na mara nyingi huletwa kwa ndege kutoka mbali. Ikiharibika, kupata nyingine ni shida kubwa, na upandikizaji wa pili huwa na hatari zaidi kuliko wa kwanza.

Kwa nini jicho hili huambukizwa upesi?

Sababu ni nne.

1. Nyuzi. Konea hushonwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Hukaa humo mwaka mmoja au zaidi. Uzi ukilegea au kukatika, ncha yake hukwaruza jicho, ute hunasa hapo, na vijidudu hupata mlango wa kuingia. Jambo hili linaweza kutokea hata miaka kadhaa baada ya upasuaji.

2. Dawa za matone. Mgonjwa hupewa matone ya steroidi ili mwili usiikatae konea ngeni. Dawa hii ni ya lazima, lakini pia hupunguza nguvu ya jicho kupigana na vijidudu, na huweza kuficha dalili za mwanzo.

3. Hisia kupungua. Neva za konea hukatwa wakati wa upasuaji. Kwa hiyo uambukizo unaweza kuanza na maumivu kidogo tu. Mgonjwa asijipe moyo kwa kuwa haumwi sana.

4. Mazingira. Vumbi la kupura mpunga na mtama, moshi wa jikoni, maji ya lambo na mikono yenye udongo hubeba bakteria na fangasi.

Uambukizo ukianzia kwenye konea huonekana kama doa jeupe au la kijivu. Ukiingia ndani ya jicho, usaha hujaa humo, na jicho linaweza kupotea kwa siku moja au mbili tu. Huu wa ndani hutokea kwa wachache, na mara nyingi ni katika siku au majuma ya kwanza baada ya upasuaji, lakini ndio mkali kuliko yote.

Dalili za hatari

Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo akiona hata dalili moja kati ya hizi:

- jicho kuwa jekundu kuliko lilivyokuwa jana;
- kuona kwake kupungua au kuwa na ukungu;
- kuumizwa na mwanga, au machozi kutoka mfululizo;
- maumivu, au kuhisi kama kuna mchanga ndani;
- tongotongo au usaha, au kope kuvimba;
- doa jeupe juu ya konea.

Hapa kuna jambo la kukumbuka kuliko yote katika somo hili. Jicho likiwa jekundu, huenda ni uambukizo, au huenda mwili unaikataa konea. Dalili za magonjwa haya mawili hufanana sana, lakini matibabu yake hupingana. Mwili ukiikataa konea, daktari huongeza steroidi. Kama ni uambukizo, kuongeza steroidi bila dawa ya kuua vijidudu ni kama kumwagia moto mafuta. Nyumbani hakuna awezaye kuyatofautisha, wala dukani. Hata sisi wauguzi hatukisii. Daktari wa macho humpima mgonjwa kwa mashine, na ikibidi hukwangua kidonda kidogo ili maabara itambue kama ni bakteria au fangasi.

Familia ifanye nini?

1. Msafirishe mgonjwa siku hiyohiyo. Kwa sisi wa Mkula, Lamadi na Bariadi, kliniki kubwa ya macho iko hospitali ya Bugando, Mwanza. Kama gari halipo, nenda kwanza hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, useme wazi: "Huyu amepandikizwa konea." Anaweza kuanzishiwa matone ya antibiotiki, na apewe rufaa bila kucheleweshwa.

2. Chukua chupa zote za dawa anazotumia pamoja na kadi yake ya kliniki.

3. Usimfunge jicho kwa kitambaa wala pamba. Joto na unyevu huwafurahisha vijidudu.

4. Usitie maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo wala dawa ya jirani.

5. Usinunue matone dukani kwa kukisia. Wala usiache ghafla yale aliyopewa na daktari wake.

Kumtunza kila siku

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutia dawa. Vuta kope ya chini, dondosha tone moja, ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika tano. Chupa ni ya mtu mmoja tu. Iliyokwisha funguliwa mwezi mzima itupwe, isipokuwa karatasi yake inasema vinginevyo. Mgonjwa asisugue jicho, na avae miwani mchana akitoka nje. Usiku alale na ngao ya jicho kama alivyoelekezwa. Wakati wa kupura na kupalilia, wenzake wamsaidie kazi. Asioge ziwani wala lamboni mpaka daktari amruhusu.

Siku za kliniki zisirukwe, hata jicho likiwa zuri. Huko daktari hutafuta uzi uliolegea na kuutoa kabla haujaleta madhara. Najua nauli ni mzigo, hasa kabla ya pamba kuuzwa. Ndiyo maana ni vema familia, au jumuiya yake, itenge fedha kidogo ya safari ya ghafla tangu siku mgonjwa anaporudi nyumbani. Kutafuta nauli wakati jicho limekwisha kuwa jekundu hupoteza siku ambazo jicho halina.

Maswali ya kujikumbusha

1. Kwa nini uzi uliolegea ni hatari?
2. Taja dalili tatu zinazotaka safari ya hospitali siku hiyohiyo.
3. Kwa nini hairuhusiwi kuongeza steroidi bila kupimwa?
4. Katika nyumba yenu, nani anajua zilipo chupa za dawa na kadi ya mgonjwa?